Mtazamaji Naye Ana Kazi Yake

1. Safari ya kwenda Newala

Lulindi ni kijiji katika nchi ya Masasi, kusini kabisa mwa Tanzania. Kandokando yake yako mashamba ya muhogo, mtama na karanga, na mikorosho mingi. Msafiri atokaye huko kwenda Newala hana budi kupanda, maana Newala imekaa juu, ukingoni mwa uwanda mkubwa wa Wamakonde, zaidi ya meta 600 juu ya usawa wa bahari. Mtu akifika ukingoni huko na kugeuka nyuma, huiona nchi ya chini imetandazwa kama mkeka, na mbali huiona milima ya mawe ya Masasi. Upande wa kusini huliona bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji.

Katika nchi hizo wanakaa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera. Kila kabila lina lugha yake, lakini kwa habari ya ngoma wote ni majirani, na wimbo wa huku husikiwa kule kabla mwaka haujaisha. Mavuno yakiisha, katika kiangazi, ghala zina chakula na njia ni kavu. Huo ndio wakati wa jando na unyago, na ndio wakati ambao msafiri huzisikia ngoma mbele yake hata kabla ya kukiona kijiji.

Hapo zamani, magari yalipokuwa bado machache, mvulana mmoja wa Lulindi alifuatana na mjomba wake kwenda Newala kuwaamkia jamaa zao. Kwa desturi ya watu wa huko mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Yeye huwaonya, na yeye huwapeleka jandoni. Mvulana huyo alikuwa ametoka jandoni mwaka uliotangulia, naye alijiona mtu mzima, ingawa miguu yake ilichoka kabla ya ile ya mjomba wake.

Walitoka alfajiri, umande ungali katika majani. Adhuhuri walikuwa wakipanda mlima, na alasiri, walipokwisha kufika juu, walisikia ngoma. Kwanza ilisikika moja tu, nzito, ikipigwa polepole. Kisha ndogo zikaingia kwa sauti kali, zikifuatana upesi.

"Mjomba," akauliza mvulana, "kuna msiba?"

"Hapana, mpwa wangu. Ngoma ya msiba haichezi hivi. Leo watoto wao wanatoka jandoni. Tutapumzika hapa, maana tukipita bila kusimama watasema tumewadharau."

Walipofika kijijini waliwaona watu wamefanya duara. Vijana walikuwa wakizipasha ngoma zao moto ili ngozi zikaze. Baadhi ya ngoma zilikuwa nyembamba, zenye mguu uliochongoka, nazo zilichomekwa mchangani zikapigwa kwa fimbo mbili. Mjomba hakuingia katikati ya watu. Alimtafuta kwanza mzee wa mji, akaamkiana naye kwa adabu, akamweleza watokako na waendako, kisha akaomba ruhusa ya kutazama.

Mzee akacheka, akasema, "Karibuni, wageni wetu. Ngoma bila watu ni kelele tu."

Mara wanawake wakapiga vigelegele, na watoto wadogo wakakimbilia nyuma ya mama zao. Kinyago kikatokea katika njia itokayo porini. Uso wake ulikuwa wa mti, una chale mashavuni na ndonya katika mdomo wa juu. Mwili wote ulifunikwa nguo, na njuga zililia miguuni. Hakikusema neno hata moja. Kilikwenda kama bibi kizee aendaye kisimani: kikashika kiuno, kikainama, kikakumbuka kwamba mtungi umesahauliwa nyumbani, kikarudi kwa hasira. Watu wakacheka mpaka wakatoka machozi, maana kila mmoja alimjua bibi wa namna hiyo.

Kisha kikaja kingine, kirefu kupita nyumba. Kilisimama juu ya mironjo, na nguo ndefu ikaifunika miti yote miwili mpaka chini. Kikaegemea paa la nyumba kama mtu aegemeavyo meza, kikapumzika kidogo, kikaondoka tena, kikarukaruka kwa mguu mmoja huku wapigaji wakiufuata mguu huo kwa fimbo zao. Hapo kitambaa kilichofunika mkono kikateleza, na mvulana akaona kovu refu juu ya kidole gumba.

Kovu hilo alilijua. Mwenye kovu hilo alikuwa mtu auzaye mikeka, ambaye kila mwaka alikuja Lulindi na kulala nyumbani kwao. Mvulana akafurahi mno, akafungua kinywa.

"Mjomba, mimi namjua yule—"

Mjomba akamwekea mkono begani. "Unamjua nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mvulana akatazama pembeni. Wasichana wawili walikuwa wamesimama karibu naye, na mtoto mdogo, macho yamemtoka, alikuwa amelishika vazi la mama yake kwa mikono miwili. Wote walikitazama kile kitu kirefu kwa hofu na furaha. Neno moja lingetosha kuwaharibia.

"Simjui mtu," akajibu mvulana.

"Vema," akasema mjomba. "Sasa umetoka jandoni kweli."

Kabla ya kuondoka, mjomba alikwenda mbele ya wachezaji, akaweka fedha kidogo chini kuwa tuzo, akarudi mahali pake bila kugeuza mgongo upesi. Usiku ule walilala kwa mzee wa mji, na asubuhi wakaendelea na safari.

2. Kinyago na mironjo

Mambo aliyoyaona mvulana yule yana utaratibu wake. Wamakonde wa upande wa Newala huviita vinyago vya ngoma midimu. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamakonde wa Mueda, huitwa mapiko, na kimoja ni lipiko. Upande wa Tanzania vinyago vingi hufunika uso tu. Upande wa Msumbiji vingi huvikwa kichwani kama kofia, na mchezaji huona njia kupitia tundu la mdomo. Tena kiko kinyago cha kifuani, kilichochongwa mfano wa tumbo la mwanamke mwenye mimba, nacho huvaliwa na mwanamume pamoja na kinyago cha uso.

Mchongaji huchagua mti mwepesi, maana mchezaji atauchukua uso huo muda mrefu katika jua na vumbi. Hukata mti, huchimba ndani mpaka mbao ziwe nyembamba, kisha hulainisha nje. Chale huchorwa kwa kisu, au hutiwa kwa nta ya nyuki ili zitokeze, na pengine nywele za mtu halisi hubandikwa kichwani. Vinyago havifanani. Kimoja ni mzee, kimoja ni mwanamwali, kimoja ni mnyama. Wachongaji wamechonga pia wageni walioingia katika nchi yao, Waarabu, Wahindi na Wazungu, na wachezaji wakaiga mwendo wao mbele ya watu. Hivyo mtu ambaye hakuweza kuambiwa neno mchana aliweza kuchekwa jioni, naye mchekeshaji hakujulikana.

Kutojulikana huko ndiko kunakoishikilia ngoma yote. Kwa desturi wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hawaambiwi aliye ndani ya kinyago. Watu wazima wengi wanafahamu zaidi ya wanavyosema, lakini hakuna alitamkaye jina. Siri hiyo hutunzwa na mji mzima, si na wachezaji peke yao.

Kwa habari ya mironjo, mtu huketi mahali palipoinuka, pengine juu ya paa, akafungiwa miti miguuni kwa kamba imara, ndipo husimama. Mtu asimamaye juu ya miguu yake ana nyayo mbili pana za kumshika. Asimamaye juu ya mironjo ana ncha mbili tu za mti. Akisimama kimya kabisa, mwili huanza kuinama upande mmoja, wala hana wayo wa kuuzuia. Kwa hiyo hupiga hatua ndogo ndogo daima, akiirudisha miti chini ya uzito wake. Watazamaji hudhani hachoki kucheza. Kumbe akiacha kucheza ataanguka. Kijana hujifunza kwa miti mifupi kwanza, na huanguka mara nyingi kabla ya kuonekana mbele ya watu.

Kulikuwa na wakati ambapo wageni wengi waliofika katika nchi za Afrika walitaka ngoma za namna hiyo zikomeshwe. Katika Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa jimbo hilo tangu mwaka 1926, alishika njia nyingine: aliona kwamba jando linawafundisha vijana kukaa na watu, akataka litengenezwe kwa Wakristo badala ya kufutwa. Watu walibishana sana juu ya shauri hilo, huku na Ulaya. Lakini kubishana huko kunaonyesha kwamba ngoma si mchezo wa kupitisha jioni tu. Ni shule pia.

3. Mgeni mwenye sanduku la sauti

Mvulana wa Lulindi na mjomba wake waliikuta ngoma kwa bahati. Wako wengine waliokuja kwa makusudi kuwatafuta wachezaji. Mwaka 1906 mtaalamu mmoja wa Kidachi, Karl Weule wa mji wa Leipzig, alishuka Lindi, akasafiri kwa miguu na wapagazi na askari mpaka Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta. Kazi yake ilikuwa kuchunguza desturi za watu, vyombo vyao, nyimbo zao na ngoma zao, na kupeleka habari na vitu katika nyumba ya makumbusho ya Leipzig.

Alileta mashine mbili ambazo watu wengi wa huko hawajapata kuziona. Moja ilikuwa ya kupiga picha zinazokwenda, yaani sinema. Ya pili ilikuwa fonografu, aina ya sanduku la sauti lililobuniwa na Thomas Edison wa Marekani mwaka 1877. Fonografu ina pembe kubwa kama tarumbeta, sindano, na mche wa nta unaozunguka. Mtu akiimba ndani ya pembe, sauti hutikisa kiwambo chembamba, kiwambo hutikisa sindano, na sindano huchora mfuo mwembamba katika nta. Baadaye sindano ikipitishwa tena katika mfuo uleule, kiwambo hutikisika kama mara ya kwanza, na sauti hutoka.

Mmoja wa waimbaji ambao Weule aliwakuta Masasi alikuwa kipofu, jina lake Sulila. Weule alimpiga picha, akaandika jina lake katika kitabu cha safari yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909. Kwa sababu hiyo, watu wanaoishi zaidi ya miaka mia baadaye wanaweza kujua kwamba palikuwa na Sulila, mwimbaji wa Masasi. Waimbaji wengi wa siku zake hawana hata hilo.

Walakini iko hesabu ya upande wa pili. Mche mmoja wa nta hushika sauti kwa dakika mbili au tatu tu, na ngoma ya kiangazi hukesha usiku kucha. Mashine ile ilitaka mwimbaji akae karibu kabisa na pembe, tena sauti nzito za ngoma kubwa haikuzishika vizuri. Hivyo wimbo ulikatwa na kutengwa na ngoma yake, na waitikiaji waliokaa mbali walisikika kidogo. Kilichochukuliwa kwenda Ulaya kilikuwa kweli sauti ya watu wa Masasi na Newala, lakini kilikuwa kipande.

Liko na jambo lingine zito kuliko nta. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza katika nchi ya Wamatumbi na kuenea kusini yote. Misheni ya Masasi ilichomwa moto mwaka huohuo, na vita havikwisha kabisa mpaka mwaka 1907. Weule alipita katikati ya watu waliokuwa wametoka katika mauaji na njaa. Mgeni aliyefuatana na askari wa serikali alipomwita mtu aje kuimba, mtu yule hakuwa na hiari kama ya mwenyeji wa ngoma anayemkaribisha mpita njia. Yawezekana wengine waliimba kwa furaha, kwa kuwa mwimbaji hupenda kusikiwa. Lakini mtu atazamaye picha za safari ile hana budi kukumbuka silaha zilizosimama nje ya picha.

4. Waimbaji vipofu wa Japani

Sulila hakuwa peke yake duniani. Mbali sana upande wa mashariki, katika visiwa vya Japani, palikuwa na waimbaji vipofu waliosafiri kwa miguu kwa karne nyingi. Wanaume walichukua chombo cha nyuzi kiitwacho biwa, wakaimba habari za vita vya koo mbili kubwa, Heike na Genji, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1180 mpaka mwaka 1185, ambapo Waheike waliangamia baharini. Watu wasiojua kusoma walizijua habari hizo kwa masikio, kama watu wa pwani ya Afrika walivyozijua tenzi.

Palikuwa na wanawake vipofu pia, walioitwa goze. Hao walichukua shamisen, chombo cha nyuzi tatu, wakaenda kijiji kwa kijiji katika mstari mmoja, kila mmoja ameshika mzigo au bega la aliye mbele yake. Walipofika, mwenye nyumba aliyewazoea aliwapokea, majirani wakakusanyika usiku kusikiliza, na asubuhi wakapewa mchele kuwa ujira. Katika nchi yenye theluji nyingi, ambako jioni za baridi ni ndefu na vijiji vimetengana, kufika kwa goze kulikuwa furaha ya mwaka. Chama chao kilikuwa na sheria kali, na msichana alijifunza kwa kusikia na kukariri, miaka mingi.

Mmoja wao, Haru Kobayashi, alizaliwa mwaka 1900, akapofuka akiwa mtoto mchanga, akaanza kujifunza kazi hiyo angali mdogo sana. Alitembea njia za milima sehemu kubwa ya maisha yake. Kisha redio na televisheni ziliingia vijijini, na watu hawakumngoja tena mwimbaji mlangoni. Goze wakapungua mpaka wakabaki wachache. Lakini nchi yake ilitambua mapema kidogo kile kilichokuwa kikipotea: mwaka 1978 serikali ya Japani ilimpa heshima kubwa ya kuwa mtunzaji wa sanaa ya taifa. Nyimbo zake zilirekodiwa, naye alifundisha wanafunzi wenye macho. Alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka 105.

Hapa mwanafunzi aangalie tofauti. Sauti iliyo katika nta huweza kusikiwa tena, lakini haiwezi kuulizwa neno. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya mwalimu wake huuliza, hukosea, hurekebishwa, na baadaye humfundisha mwingine. Sanduku ni msaada mwema, walakini wimbo huishi kwa kupita kutoka mtu hata mtu.

5. Ngoma zilizotoka nyumbani na kinyago kilichopotea

Katika Tanganyika, baada ya uhuru wa mwaka 1961, serikali iliona hatari hiyohiyo. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, ili ngoma na nyimbo za makabila zisidharauliwe tena. Sindimba ya Wamakonde ikatoka uwandani kwao, ikachezwa mijini na mashuleni, mpaka watoto wa Kagera na Tanga wakaijua. Mwaka 1981 kilifunguliwa Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, ambako vijana hufundishwa ngoma za pande zote za nchi. Hiyo ni faida kubwa. Lakini ngoma ikichezwa jukwaani kwa robo saa mbele ya wageni, haiwi tena ile ya kuwapokea watoto watokao jandoni. Yafaa mtazamaji ajue kwamba anachokiona ni tawi, na mti uko kwao.

Vinyago navyo vilisafiri, na vingine havikusafiri kwa halali. Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pamoja na vitu vingine. Mwaka 1985 kilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, katika nchi ya Uswisi. Baadaye ilitambuliwa kwamba kilikuwa mali ya Tanzania. Mazungumzo yalikuwa marefu sana, na mwezi wa Mei mwaka 2010 ndipo kilipokabidhiwa tena kwa Tanzania. Kilikuwa kimekaa mbali na nchi yake zaidi ya miaka ishirini na tano.

Kinyago hicho kingewekwa ukutani Geneva, watu wangekisifu kwa uzuri wa uchongaji. Lakini ukutani hakina njuga, hakina ngoma, hakina bibi kizee aliyesahau mtungi wake, wala mtoto mwenye kukiogopa na kukipenda. Mwizi huweza kuiba mti uliochongwa. Mambo hayo mengine hawezi kuyachukua, ila huyaacha na pengo.

6. Kazi ya mtazamaji

Basi mtu asafiriye na kuwakuta wachezaji wa nchi fulani, kwake au ugenini, asifikiri kwamba kazi yote ni yao na yeye ana macho tu. Mtazamaji naye ana kazi yake. Kwanza huomba ruhusa, kama mjomba alivyomtafuta mzee wa mji. Pili huvumilia, maana ngoma ina mwanzo wake na mwisho wake, na aondokaye mapema huchukua kipande akidhani amechukua yote. Tatu hutoa tuzo kadiri awezavyo, kwa kuwa mchezaji naye hula. Nne huuliza majina yale yawezayo kuulizwa, akayakumbuka, ili mwimbaji asipotee kama wengi wa wakati wa Sulila. Tano huacha yale yasiyoulizwa.

Mvulana wa Lulindi alijifunza hilo la tano mapema. Miezi miwili baada ya safari ile, mwuza mikeka alifika Lulindi kama desturi yake, akapokewa nyumbani kwao, akaletewa maji ya kunawa. Alipoyanyosha mikono yake, mvulana aliyekuwa akimwagia maji aliona tena lile kovu juu ya kidole gumba. Mgeni akaona kwamba mvulana amelitazama.

"Nasikia mlipita kwetu juu, wakati wa ngoma," akasema mgeni.

"Ndiyo, baba, tulipita."

"Mliona nini?"

"Tuliona kitu kirefu kupita nyumba," akajibu mvulana, akaendelea kumwaga maji. "Tena kilicheza vizuri sana."

Mgeni akafuta mikono yake polepole. Hakusema neno; lakini kesho yake, alipoaga, aliacha mkeka mmoja mdogo mlangoni, wala hakutaka fedha yake.

Maswali

1. Kwa nini mjomba alimtafuta mzee wa mji kabla ya kutazama ngoma?
2. Eleza jinsi kinyago kinavyotengenezwa, na kwa nini mchongaji huchagua mti mwepesi.
3. Kwa nini mtu aliye juu ya mironjo hasimami kimya? Jaribu kusimamisha fimbo mbili juu ya meza, uone.
4. Fonografu ya mwaka 1906 ilishika nini, na ilishindwa kushika nini?
5. Linganisha habari za Sulila na za Haru Kobayashi. Nani aliacha wanafunzi, na hilo lilileta tofauti gani?
6. Mwuza mikeka aliacha mkeka mlangoni kwa sababu gani? Andika jibu lako kwa sentensi tatu.
7. Mwulize mzee wa kwenu jina la mwimbaji au mpiga ngoma mmoja aliyesifiwa zamani. Liandike, pamoja na mahali alipokaa na namna ya wimbo wake.